Nani atamlisha sungura wa kijani?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa hapa Tanzania, nachonga na kufinyanga, na mwakani nawasilisha kazi yangu ya mwisho. Mwalimu alituonyesha picha ya sungura aliyewekewa jeni akawa anang'aa kijani, kisha picha ya koti dogo lililooteshwa kwa seli hai. Darasa likagawanyika. Wengine walisema ni kufuru, binadamu anajifanya Muumba. Wengine wakasema mbona kuku wa kisasa tunakula kila siku na hakuna anayelalamika. Mimi nimebaki katikati. Je, ni halali kuchezea uhai kwa ajili ya maonyesho tu? Na nikitaka kutumia kitu hai kwenye kazi yangu, nianzie wapi nisije nikatesa kiumbe au nikaingia matatani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na kuku, maana wenzako waliomtaja wamegusa penyewe.

Kuku wa nyama anayechinjwa akiwa na wiki 5 au 6 hakutoka porini hivyo alivyo. Watu walichagua majogoo na matetea kizazi baada ya kizazi, wakawapandisha, mpaka akapatikana ndege anayenenepa upesi kiasi kwamba baadhi yao miguu hushindwa kuubeba mwili. Hakuna aliyechoma sindano kwenye yai, lakini jeni zilizobadilika ndani ya kuku huyo ni nyingi kuliko ile moja aliyowekewa sungura. Kwa hiyo anayesema kosa la sungura ni kuguswa jeni, na atueleze kwanza kwa nini kuku amemsamehe. Hata kwenye kumbi za sanaa jambo hili si geni. Juni 1936, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa, MoMA, kule New York liliweka maonyesho ya maua ya delphinium yaliyozalishwa na mpigapicha Edward Steichen, ambaye alikuwa ameyapandisha mwenyewe kwa miaka mingi. Watu walikwenda kutazama maua, wakayasifu, wakarudi nyumbani. Neno kufuru halikutajwa.

Utasema kuku ni wa tumbo na sungura ni wa macho. Hoja hiyo ina uzito, na sheria nyingi za wanyama wa maabara zimejengwa juu yake: maumivu ya mnyama hupimwa kwa faida inayotarajiwa, na dawa ya malaria ni faida kubwa kuliko makofi ya watazamaji. Nakubaliana nayo, ila haimalizi mjadala, kwa sababu inatulazimisha tuulize kwanza kama kulikuwa na maumivu.

Tumtazame basi huyo sungura. Mwaka 2000 msanii Eduardo Kac, mzaliwa wa Brazili anayeishi Chicago, alitangaza kazi aliyoiita GFP Bunny. Sungura mwenyewe ni jike mweupe, akaitwa Alba, na mwanasayansi aliyehusika ni Louis-Marie Houdebine wa INRA, iliyokuwa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Ufaransa. Hizo herufi GFP ni jina la protini ya yavuyavu, yule kiumbe wa baharini wa ute. Ukiimulika protini hiyo kwa mwanga wa buluu, yenyewe inarudisha mwanga wa kijani. Osamu Shimomura aliitenga mwaka 1962, na mwaka 2008 yeye, Martin Chalfie na Roger Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa ajili yake, kwani imekuwa taa ya maabara ulimwenguni: unaunganisha jeni ya protini hii na ile unayoichunguza, halafu unaona kwa macho ni wapi inafanya kazi na ni lini. Panya wamewekewa, samaki, mbu, hata vimelea vya malaria. Kisayansi Alba hakuwa maajabu, na Houdebine alisema baadaye kwamba sungura wa namna hiyo walikuwepo tayari kwa ajili ya utafiti kabla msanii hajafika.

Kac alitaka kumwonyesha kwenye tamasha huko Avignon, kisha amchukue nyumbani Chicago akaishi na familia yake. Uongozi wa taasisi ukakataa asitoke. Magazeti yakashika moto, mabango yakabandikwa mitaa ya Paris kudai aachiwe, maprofesa wakaandika makala. Mwaka 2002 Houdebine aliliambia jarida la Wired kwamba sungura amekufa.

Halafu kuna ile picha mliyoonyeshwa, ambayo Alba anawaka kijani kutoka masikioni mpaka mkiani kama taa ya disko. Itazame tena. Manyoya ni tishu mfu, na protini hii hukaa ndani ya seli zilizo hai. Kwa sungura wa aina hiyo unatarajia kung'aa machoni na kwenye ngozi tupu ya sikio, na tena akimulikwa kwa mwanga maalumu na kutazamwa kupitia kichujio. Houdebine mwenyewe alisema picha ile haiendani na mnyama alivyokuwa. Hapo ndipo ninapoudhika na kazi hii. Kwa yanayojulikana, jeni ile haikumdhuru Alba. Ila watazamaji walipewa picha iliyotiwa chumvi, wakajadili mnyama ambaye hayupo, huku mwenye mwili akibaki kwenye kizimba.

Kwa haki yake, Kac tangu mwanzo alisema kazi yake ina sehemu tatu: kumpata sungura, kuzusha mjadala, na kumlea nyumbani kama mwanafamilia. Sehemu ya tatu ndiyo iliyoshindikana, na kwangu mimi ndiyo iliyokuwa na maadili ndani yake. Darasa lenu lilibishana kama mtu anaruhusiwa kuumba. Sijasikia kwenye barua yako aliyeuliza nani atamlisha kiumbe maonyesho yakiisha, nani atamtibu akiugua, na siku ya kumwua ikifika nani atafanya hivyo. Nimekaa miaka kwenye kamati ya maadili ya utafiti unaotumia wanyama, na fomu zinazonipa mashaka ni zile zilizoandikwa kurasa kumi kuhusu jaribio, halafu mstari mmoja kuhusu kile kitakachofuata.

Na usidhani wasanii ndio wenye kuogopwa zaidi. Mwishoni mwa 2003 samaki wadogo wa mapambo waliowekewa jeni za kung'aa, GloFish, walianza kuuzwa kwenye maduka ya wanyama Marekani. Serikali ilisema hawaliwi, hivyo haioni sababu ya kuwadhibiti. Miaka ikapita, na mwaka 2022 watafiti wa Brazili wakaripoti kwamba samaki hao wametoroka kwenye mabwawa ya wafugaji na wanazaliana kwenye vijito vya msitu wa Atlantiki. Sungura mmoja alinyimwa ruhusa ya kuvuka geti. Samaki waliuzwa kwa bei ya soda chache na leo wako mtoni.

Nirudi kwa waliosema kufuru. Mimi si sheikh wala padri, sitoi fatwa. Najua Waislamu darasani kwenu watakuwa wamekumbuka Surat An-Nisaa, aya ya 119, inayotaja kubadili maumbile aliyoumba Mwenyezi Mungu, na wanazuoni wenyewe wana maelezo mapana juu ya nini kinaingia humo na nini hakiingii. Wakristo nao wana Mwanzo 1:28, “mkatawale samaki wa baharini, na ndege wa angani”, aya ambayo wengine huisoma kama ruhusa na wengine kama dhamana. Waambie wenzako kwamba yule yule Kac alifanyia kazi maneno kama hayo, mwaka mmoja kabla ya sungura. Kazi inaitwa Genesis, ilionyeshwa mwaka 1999 kwenye tamasha la Ars Electronica mjini Linz, Austria. Alichukua sentensi ya Biblia ya Kiingereza kuhusu binadamu kuvitawala viumbe, akaigeuza kuwa alama za Morse, yaani nukta na vistari, alama zile akazigeuza kuwa herufi nne za DNA, jeni hiyo ikatengenezwa na kuwekwa ndani ya bakteria. Mtazamaji aliyekuwa ukumbini au kwenye intaneti angeweza kuwasha taa ya miale ya urujuanimno ili awaone vizuri. Miale hiyo huharibu DNA. Maonyesho yalipokwisha wakasoma jeni upya, wakairudisha kuwa maneno, na baadhi ya herufi za aya zilikuwa zimebadilika.

Kazi hiyo naiheshimu kuliko ya sungura. Bakteria hawana mfumo wa neva wa kusikia maumivu, walikaa kwenye sahani iliyofungwa, na aliyebonyeza kitufe hakuweza kudai kwamba yeye alikuwa anatazama tu.

Sasa koti, na hapa nina la kusema, kwa kuwa kuotesha seli ndiyo kazi iliyonilisha. Waliolitengeneza ni Oron Catts na Ionat Zurr, waliokuwa kwenye maabara ya wasanii iliyoitwa SymbioticA, iliyoanzishwa mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Australia Magharibi, Perth. Walilipa jina Victimless Leather, yaani ngozi ambayo hakuna aliyedhurika kwa ajili yake. Unatengeneza umbo la koti kwa plastiki inayooza, dogo la kutosha kuingia kwenye chupa ya kioo, unapanda seli juu yake, zinaota na kulifunika.

Seli zilizotolewa mwilini hazijitegemei kwa lolote. Zinakaa kwenye joto la nyuzi 37, kwenye hewa yenye asilimia 5 ya kaboni dioksidi, zikiwa zimezama kwenye maji ya virutubisho yenye rangi ya waridi. Rangi hiyo si urembo. Seli zikila hutoa tindikali, na waridi inageuka rangi ya chungwa, kisha njano, ndipo unajua zimelala njaa. Kila baada ya siku mbili tatu unamwaga na kuweka mapya, Idi iwe Idi, Krismasi iwe Krismasi. Glavu ikigusa mdomo wa chupa kwa bahati mbaya, asubuhi unakuta maji yametibuka kama maji ya kuoshea mchele. Bakteria wameingia. Hakuna dawa, unamwagia jiki na kuanza upya.

Na ndani ya maji hayo ya waridi, kwa kawaida kama sehemu moja ya kumi, kuna seramu ya ndama aliye tumboni. Ng'ombe anapochinjwa na kukutwa ana mimba, kijusi hutolewa, moyo wake hutobolewa kwa sindano nene na damu ikafyonzwa. Damu inaachwa igande, inazungushwa kwenye mashine, na yale maji ya manjano yanayobaki juu ndiyo seramu. Inauzwa ghali, inahifadhiwa kwenye friza, na kwa miaka mingi ndiyo iliyolisha sehemu kubwa ya seli za maabara duniani. Kwa hiyo koti “lisilo na mhanga” lilinyonya damu ya ndama. Catts na Zurr hawakuficha, wamelisema wazi kila mara, na jina la kazi ni kejeli ya makusudi kwa wale wanaotuuzia ndoto ya nyama isiyo na kifo. Mwaka 2003 mjini Nantes, Ufaransa, walikuwa tayari wameotesha vipande vidogo vya misuli ya chura na kuvipika mbele ya wageni, huku vyura wakiwa hai pembeni. Baadhi ya walioonja waliitema. Miaka 10 baadaye, Agosti 2013, ilikaangwa London ile baga ya maabara ya mwanasayansi Mholanzi Mark Post, iliyosifiwa dunia nzima, na nyama yake nayo iliota kwa seramu ile ile. Kwenye kikaango cha London hilo halikutiliwa mkazo sana.

Mwaka 2008 koti lilipelekwa MoMA. Likaota kupita kiasi, mkono mmoja ukaanza kuachia, mirija ikaziba, na msimamizi wa maonyesho, Paola Antonelli, akalazimika kuamuru virutubisho vikatwe. Alisimulia baadaye jinsi alivyokosa usingizi kwa ajili ya kuliua koti. Kwenye maonyesho mengine wasanii hawa humaliza kwa kuwaalika watazamaji wazishike seli kwa mikono mitupu, na vijidudu vya vidole hufanya kazi iliyobaki. Wengi huona ni mchezo wa kuigiza. Mimi naona ni uaminifu: aliyefurahia kutazama anashiriki kuzima.

Kuna kazi nyingine ambayo ningependa uitafute, kwa sababu kiumbe wake ni jirani yetu. Msanii Mreno, Marta de Menezes, alifanya kazi kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, inayochunguza kipepeo Bicyclus anynana, yule mdogo wa rangi ya kahawia mwenye madoa kama macho kwenye mbawa. Ni kipepeo wa huku mashariki na kusini mwa Afrika, na ukoo wa maabara ulianza na majike waliokusanywa Malawi mwaka 1988. Alitumia sindano ya moto kugusa pupa, yaani kipepeo akiwa bado kwenye ganda lake kabla ya kutoka na mbawa, mahali bawa linapojiunda, doa likahama au likaongezeka, kwenye bawa moja tu, lile la pili likabaki kama lilivyoumbwa. Jeni hakuigusa, hivyo urembo ule unakufa pamoja na kipepeo, hakuna mtoto anayeurithi. Mimi naipenda tahadhari hiyo, ingawa sindano kwenye mwili wa kiumbe kwa ajili ya doa bado inanikera kidogo. Na linabaki swali la Malawi. Mwaka 1988 mkataba wa kimataifa wa bioanuwai, ule wa 1992 unaozungumzia haki ya nchi juu ya viumbe vyake, haukuwepo. Leo ukitaka kupeleka kipepeo wa Amani au Gede kwenye maabara ya Ulaya, kibali kinatakiwa, na ni vizuri kitakiwe.

Ukiwa umefikiria kutumia nywele, mate au damu ya watu, simama hapo kwanza. Mwaka 2012 na 2013 msanii Heather Dewey-Hagborg aliokota vipisi vya sigara na bazoka mitaani New York, akasoma DNA na kuchapa sura zinazokisiwa za wenyewe. Kazi kali, na sura zile ni makisio kuliko picha. Lakini wenye mate hawakuulizwa. Henrietta Lacks, mama Mmarekani aliyeugua saratani, naye hakuulizwa mwaka 1951, madaktari wa Baltimore walipochukua seli za uvimbe wake, na familia yake ilipata maafikiano na kampuni moja iliyonufaika nazo mwaka 2023 tu. Tumia damu yako mwenyewe, au ya mtu aliyetia saini akijua.

Kuhusu matatani. Mei 2004, huko Buffalo, Marekani, msanii Steve Kurtz aliamka akakuta mkewe amefariki kwa ugonjwa wa moyo. Akapiga simu ya dharura. Polisi walipoingia waliona sahani za bakteria na vifaa vya maabara alivyokuwa akivitumia kwenye sanaa, wakaita FBI, nyumba ikazungukwa na watu waliovaa mavazi ya kinga. Bakteria wenyewe ni wale wanaotumika madarasani. Shtaka la ugaidi halikusimama, akashtakiwa kwa udanganyifu wa posta kuhusu jinsi alivyowapata, na kesi ilifutwa mwaka 2008. Miaka minne.

Hapa kwetu, ukigusa jeni unaingia kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake za usalama wa bioteknolojia za 2009. Ukigusa mnyama, kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Kwa mwanafunzi mwenye muda wa mwaka mmoja, nashauri uviache vyote viwili. Bakteria wa rangi nao wanavutia, ila yule mwekundu anayependwa sana, Serratia marcescens, huweza kumwambukiza mtu mwenye kinga dhaifu, kwa hiyo asitoke nje ya maabara yenye msimamizi.

Chukua uyoga. Wewe ni mfinyanzi, kalibu unazijua. Nunua mbegu za uyoga wa mamama kwa wakulima, chemsha maranda au mabua yaliyokatwakatwa, yakipoa changanya na mbegu kwa mikono iliyooshwa kwa spiriti, shindilia kwenye kalibu, funika uache matundu, weka gizani. Ndani ya wiki mbili tatu nyuzi nyeupe zitashikamana mpaka kitu kisimame chenyewe. Ukiona madoa ya kijani, ni ukungu, kitupe nje na usikifungulie chumbani. Usiache uyoga utoe vichwa ndani ya ukumbi, vumbi la mbegu zake husumbua vifua vya watu.

Kisha utalazimika kuamua kama kazi ioneshwe ikiwa hai au uikaushe kwenye oveni kabla. Ikiwa hai, andika kwenye kibao nani anainyunyizia maji na itaishia wapi. Ikiwa imekaushwa, andika kwamba imeuawa, lini, na wewe ndiye uliyefanya hivyo, kwa maneno yasiyopakwa sukari. Walimu wako watakuuliza zaidi kuhusu kibao hicho kuliko kuhusu umbo, jiandae.

Mbegu nunua chupa mbili au tatu. Ya kwanza karibu kila mtu humwozea.